Kipande cha Dumu Alichokitupa Ami Yako

Mwanangu Rukia,

Barua za watu wenye adabu hutanguliza salamu. Hii inatanguliza hasira, na salamu zitafuata zikipata nafasi. Kesho unapanda basi la Mwanza, na baba yako amekwisha kukuimbia yote ya kuimbiwa: lala kwenye chandarua, usichelewe kuswali, usile vya barabarani, piga simu ukifika. Yafuate, yote ni mema. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni ami yako Sudi.

Unakwenda kufanya kazi kwake. Mdogo wake baba yako, bwana mkubwa wa matangi ya samaki, anayewawekea wenye mahoteli bahari ndani ya vioo, Mwanza hadi Kigali, halafu anapigwa picha amesimama pembeni kama aliyeiumba. Alinipigia simu na sauti yake ya kubembeleza: "Shemeji, mlete mtoto nimfundishe kazi." Nikamjibu, "Haya, tutamleta." Nilipokata simu nilicheka peke yangu jikoni mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Akufundishe kazi! Kazi ile niliianza mimi, juu ya meza hiyo hiyo unayokatia vitunguu. Yeye aliichukua, na shukrani yake ikawa kuniita mfuga majini.

Haya unayajua vipandevipande, kwa sababu kila ninapofungua mdomo baba yako huniwahi: "Mama Rukia, si tuliyamaliza?" Tuliyamaliza nani na nani? Mimi sikumaliza kitu. Wenye kanga zao walishasema, mwenye kovu usidhani kapoa. Basi soma, na ukisoma usimsomee baba yako.

Wakati huo Sudi alikuwa wakala wa forodha pale Rusumo, anahangaika na makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Rwanda. Mzee Balthazari, mwenye ile nyumba ya wageni karibu na mpaka, alikuwa ametoka Dar es Salaam na ndoto mpya. Alikuwa ameona huko tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi rangi na matumbawe yaliyo hai, akataka la kwake pale mapokezi, wenye malori wakisubiri mizigo yao watulie macho. Sudi akamwambia, "Hilo dogo, mzee." Kwa mdomo Sudi hashindwi na kitu. Na kweli, tangi lilipatikana. Maji ya bahari yalikuja kwenye mapipa, yamepanda lori pamoja na mizigo ya watu kutoka pwani. Matumbawe yalitoka kwa mtu anayeyaotesha kwa kibali. Kilichomshinda ni pampu.

Alinijia dukani kwetu hapa Ngara na vipampu viwili ndani ya mfuko. "Shemeji, hivi ni vivivu. Maji hayaendi." Alikuja kwangu kwa sababu alijua nimekulia katika pampu. Babu yako kule Biharamulo aliuza mabomba na mashine za maji, na wakulima wa Nyamahanga walikuwa wakituletea zao zimejaa tope. Mimi ndiye niliyekuwa nazifungua, kwa vile vidole vyangu vilikuwa vyembamba, siku hizo. Sasa usicheke.

Nilikwenda naye Rusumo nikayaona hayo matumbawe. Masikini! Watu hudhani ni mawe. Ni viumbe, Rukia, vinakula na kunya kama sisi, ila havina miguu. Chakula lazima kiletwe na maji, na uchafu lazima uondolewe na maji. Maji yakisimama, utando wa kahawia unavifunika vikiwa hai. Nilivitazama nikakumbuka bibi yako alivyougua, tulivyokuwa tunamgeuza kitandani asipate vidonda. Nikamwambia Sudi, "Viache hivi vipampu, nitavitazama."

Nikavifungua mezani. Ndani ya kila kimoja mna sumaku inayozunguka, na kichwani mwake impela, kile kijigurudumu chenye mapezi yaliyonyooka kinachosukuma maji. Kimefungiwa ndani ya kikopo chenye mdomo mwembamba, kwa hiyo maji yanatoka kama mshipa wa bomba la sindano: yanapiga sehemu moja kwa nguvu, kwingine kote kimya. Matumbawe hayataki kupigwa, yanataka kutikiswa yote kwa pamoja. Nikawaza, kwa nini nisikiondoe hiki kikopo, nikaweka rafadha badala ya impela, kama ya mashua ya injini?

Na rafadha iliyokuwa ndani ya nyumba hii ilikuwa moja, ya ile boti yako nyekundu uliyonunuliwa Mwanza. Nilipoing'oa ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi. Nikakwambia boti imekwenda kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa amekupakata.

Jaribio la kwanza niliifunga kwa skrubu. Ujinga! Chumvi iliila skrubu, kutu ikachuruzika ndani ya maji, nikaitoa mbio kabla haijadhuru kitu. Nikatumia gundi ya kuchanganya, isiyo na chuma hata chembe. Ikawa sasa mapezi ni mapana mno, sumaku inanguruma bila kuzunguka. Nikayapunguza kwa kikata kucha, kidogo kidogo, nikasugua kwa msasa, najaribu kwenye beseni la kufulia, natoa, nakata tena. Ilipokubali, Rukia, maji ya beseni yaliinuka yote kama uji unapoanza kuchemka, nami nikapiga kigelegele peke yangu. Baba yako akadhani kuna harusi.

Pale Rusumo tangi zima lilianza kupumua. Samaki waliokuwa wamejibanza wakatoka kuogelea dhidi ya mkondo, matumbawe yakafungua vidole. Mzee Balthazari alikaa mbele ya kioo akasahau chai yake ikapoa. "Mama," akaniambia, "sikujua kuwa vilikuwa vinakufa mpaka nilipoviona vinaishi." Sudi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuutazama uso wake, na hapo nilikosea. Mtu anaposifiwa, amtazame aliye nyuma yake.

Kisha umeme ukakatika, kama desturi. Uliporudi, pampu moja ikazunguka kinyumenyume. Hivi vipampu, sikiliza vizuri maana humu ndimo barua yote ilimo, havijui kulia wala kushoto. Umeme ukiingia vinaanza kuzunguka upande wowote vinaojisikia. Kwa impela ya kiwandani haidhuru, mapezi yamenyooka. Lakini rafadha imepinda. Ikienda kinyume inavuta maji badala ya kuyasukuma, inavuta na mchanga wa chini, inautapika juu ya kila kitu. Siku hiyo nilikuwapo, nikaizima haraka.

Nililala na jambo hilo kichwani, na dawa yake nikaipata wakati namimina mafuta ya kula. Nilikata kipande kidogo cha plastiki kwenye dumu tupu, nikakitundika ndani ya pampu kikining'inia. Rafadha ikianza vizuri, inakipita. Ikianza vibaya, inakigonga, inashtuka, inarudi kwenye njia yake yenyewe. Basi. Kipande cha dumu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Tangu hapo umeme ukakatika mpaka ukachoka, na tangi halikupepesa.

Ami yako alikuwa ameshaanza kuota Mwanza. Hakuniuliza kitu, na angeniuliza ningemfundisha bure, ndugu wa mume wangu. Alichukua pampu moja kwenye tangi la Mzee Balthazari bila kuaga, akaifungua aiige, akakikuta kile kipande. Akakiona takataka. Akakitoa, akakitupa, akairudisha pampu mahali pake.

Usiku umeme ukakatika, ukarudi. Asubuhi mlinzi wa pale, kijana Mhangaza mwenye huruma, ambaye la kwake ni ra, akanipigia: "Mama, njoo. Samaki wamerara."

Nilifika. Mchanga wote ulikuwa juu ya matumbawe, maji meupe kama ya kuoshea mchele, samaki ubavu juu. Wahudumu wamejaa, madereva wamejaa, na Sudi katikati yao na shati lake jeupe. Nilikuwa bado sijagusa kioo aliposema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta maji. Shemeji ndiye anayeyasemesha. Muulizeni huwa anayasomea nini."

Unajua nilikuwa nayasomea nini? Bismillahi. Kila nilipotia mkono ndani ya maji nilisema bismillahi, kama nisemavyo nikimenya kitunguu, kama yeye mwenyewe asemavyo akiwasha gari. Lakini watu walikuwa wameona midomo yangu ikicheza. Mwanamke wa ukoo wa pwani, maji ya bahari, viumbe visivyo na majina, na midomo inayocheza. Hapa kwetu, mambo manne hayo yakikutana, hakuna anayesubiri la tano. Nilisikia mtu nyuma akinong'ona, "Anafuga majini." Sudi alilisikia pia. Angeweza kucheka tu, na neno lile lingekufa pale pale, maana yeye ni mtu wa pwani kama mimi na anajua chumvi ni chumvi. Akainamisha kichwa, kama mtu aliyekuwa akimsitiri shemeji yake na sasa kashindwa.

Kuinamisha kichwa kule ndiyo deni ninalomdai. Pampu, Mwanza, picha, hayo yote ningeyasahau.

Baba yako alituita tusuluhishwe hapa nyumbani. Nikapika pilau, kwa mikono yangu, ya kumlisha adui. Na Sudi, mdomo umejaa nyama yangu, akasimulia akicheka jinsi alivyoifungua ile pampu: "Humo ndani nilikuta takataka, kijiplastiki, nikakitupa." Alisema hivyo! Hakujua anachokisema, lakini mimi nilijua, na baba yako alijua, kwa sababu alinishikia dumu wakati nakata. Nilinyanyuka. Baba yako akanishika mkono chini ya meza akanong'ona, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Nikakaa. Nimekaa mpaka leo, Rukia, na jembe nimelilimia kweli, ila shamba lote limeota miiba. Baba yako simlaumu sana. Anampenda mdogo wake kama mtu anavyolipenda jino bovu, linamuuma na bado hataki ling'olewe. Ninayemlaumu ni yule mwanamke aliyekaa.

Wewe ulilipia kukaa kwangu. Ulirudi kutoka shule na kitambaa cha kichwa mkononi, ukaniuliza, "Mama, jini anakula nini?" Wenzako walikuwa wanataka kujua, kwa vile wewe ni mtoto wake. Nilikujibu kwa mzaha kwamba anakula watoto wasiomaliza ugali, tukacheka. Kisha nikaingia chooni nikauma kanga yangu.

Sasa yeye ana matangi makubwa, na kila umeme ukikatika moyo unamruka. Hajui kwa nini pampu zake hugeuka. Nasikia ameajiri watu wa kukaa na matangi, kazi yao kuzima na kuwasha pampu mpaka zielekee vizuri. Nasikia wenye mahoteli wameanza kuchoka naye, na mmoja ametishia kuliondoa tangi aweke televisheni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Naye si mjinga kabisa, amekumbuka mahali ambapo kitu hiki hakikuwa kikiharibika, na kwamba pana binti aliyekulia chini ya meza ile. Ndiyo sababu umekuwa mtoto mzuri ghafla.

Juzi uliniambia, "Mama, mimi nakwenda kujifunza kazi. Siendi kupigana vita vyako." Ulisema taratibu, ukiwa unakunja nguo, nami nikatoka nje nisije nikakurushia neno baya. Jibu langu ni hili. Sikutumi kupigana. Kama ningetaka kupigana ningekwenda mwenyewe, ulimi ninao na nauli ninayo. Ila kipande kile unajua kukikata na unajua kinapotundikwa. Kwa hiyo ukifika utakuwa umeshika kitu anachokitaka, utake usitake. Kitu hicho ni changu. Chochote kingine utakachojifunza na kukibuni kitakuwa chako, mpe ami yako akitaka, mpe bure, sitauliza. Hiki kimoja usikitoe mpaka nikwambie.

Najua moyo wako. Utasema samaki wana kosa gani? Hawana. Hata mimi, na ubaya wangu wote, siwezi kulipiza kwa roho za samaki. Kwa hiyo siku ya kwanza tu mwambie hizi pampu zina hatari, ng'oa rafadha zote na umrudishie impela za kiwandani. Maji yatakwenda kivivu, hakuna kitakachokufa upesi. Safisha utando kwa brashi kila asubuhi kwa mkono wako, uyafikishie matumbawe chakula. Mahoteli yatauliza, bahari yetu mbona imelala? Mwache ajibu yeye. Anapenda kujibu mbele ya watu.

Atakuja kwako kwa njia nyingi. Kwanza atakusifu. Halafu atakwambia baba yako ameumia sana na ugomvi huu, na hilo litakuwa kweli, ndiyo maana atalisema. Anaweza hata kulia, Sudi analia vizuri, kwenye misiba watu humsogelea. Wewe msikilize kwa heshima zote, shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, mpikie, mfulie. Akimaliza mwambie, "Ami, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama yupo Ngara." Usiongeze neno. Ukiongeza atapata pa kushika.

Kisha atanipigia simu. Atataka kuniomba radhi sikioni, mimi na yeye tu, neno laini, tuyamalize. Sitapokea. Alichonivika alinivika mbele za watu, na huko huko ndiko atakakonivua.

Kuna kitu sijapata kumwambia mtu. Mwezi uliopita yule Mama Masanja wa Nyamahanga, ambaye ukoo wake umenunua kwetu tangu enzi za babu yako, alikuja dukani kutengeneza pampu ya bustani. Jua linawaka, ametoka mbali, amekaa kwenye benchi anajipepea. Nikamletea maji. Akayatazama. "Asante dada," akasema, "leo nimefunga." Rukia, yule mama ni wa kanisani, haikuwa Kwaresima, na mkononi alikuwa na muhindi wa kuchoma anautafuna! Tuliangaliana. Yeye ndiye aliyeona aibu, hata akaacha kutafuna. Nikarudi ndani na kikombe changu. Hakuna mtu wa mji huu aliyekunywa maji kwangu tangu Sudi alipoinamisha kichwa. Wananunua, wananisalimu, wananicheka na kunichekea, lakini nikiwapa maji kila mmoja ametoka kunywa sasa hivi, kila mmoja ana tumbo, kila mmoja amefunga. Misibani wenzangu wakinikuta jikoni wananipa kazi ya kupokea wageni, wasije wakala nilichokigusa. Mimi, Rukia, ambaye chai yangu watu walikuwa wanapita njia ndefu ili waikute!

Basi akikuuliza mama yako anataka nini, na ataishia kuuliza, mpe bei yangu. Aje Ngara siku ya soko, saa ambayo watu wamejaa. Asiingie kwa mlango wa uani. Asimame barazani kwangu, Mhangaza amwone, Msukuma amwone, wale madereva wa Rusumo wamwone, aseme alifungua nini na alitupa nini, na kwamba majini hayakuwapo. Halafu anyooshe mkono aniombe maji, kwa sauti.

Nitamletea mimi mwenyewe. Kikombe kikubwa, kimejaa, maji ya bomba. Nitakishika kwa mikono miwili mbele ya watu wote, na kabla ya kumkabidhi nitayainamia, nitachezesha midomo, taratibu, aone. Naye anywe mpaka chini.

Mama yako,
anayekupenda kuliko anavyomchukia yeye, ingawa kwa kidogo.